Mama alivyozisugua alama za mionzi shingoni mwa Baba

Salaam aleikum wakuu. Haya niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Miaka ya tisini, Mji wa Kale, Mombasa. Baba alikuwa dalali wa mnada wa samaki kule Liwatoni. Sauti yake ndiyo iliyotulisha.

Ikaanza kukwaruza. Tukasema ni makelele ya kazi. Asali, tangawizi, wapi! Mwisho daktari akatamka: saratani ya koo.

Njia zilikuwa mbili. Apasuliwe koo, na sauti nayo iende. Au apewe chemo, zile dawa kali za saratani, na mionzi kwa pamoja, huenda sauti ikabaki. Chemo inaulegeza uvimbe, mionzi inaumaliza, lakini mgonjwa naye anasagika. Baba akachagua ya pili.

Mashine ilikuwa Nairobi. Mama akabaki nyumbani, mimi na Baba tukapanda basi Mwembe Tayari, tukafikia kwa shangazi.

Hospitalini wakamchora mistari ya wino wa zambarau shingoni, mashine ipate pa kulenga. Wakasema isifutwe. Baada ya wiki chache koo lilikuwa vidonda vitupu. Kumeza maji ni mtihani, kusema ndiko hawezi kabisa.

Idd ikakaribia, mashine ikapumzika, tukashuka nyumbani. Nikamwacha Baba na Mama, nikaenda Biashara Street kuchukua kanzu yake kwa fundi.

Sasa mama zetu mnawajua. Mume katoka safari, kesho Idd, aende msikitini na shingo ya zambarau? Akakoroga singo, ule msuguo wetu wa manukato wa kung'arishia ngozi.

Narudi, namsikia Mama: "Tulia nikwoshe, Baba Salma. Hawa watu wa bara ndio wamekuwata hivi, na mawino shingoni?"

Baba anatikisa kichwa, machozi yanamtoka. Mama anadhani anaona haya. Mistari imekwisha, ngozi imechubuka.

Nilipomweleza, Mama alikaa chini palepale, singo mkononi.

Nairobi daktari alifoka. Hawawezi kuendelea hadi ngozi ipone, na kila siku inayopita uvimbe unapata nafasi. Niliogopa, siwafichi. Mama, safari hiyo alikuja nasi, alikaa kwenye benchi akiomba dua tu.

Ngozi ikapona, wakachora upya. Wakamaliza.

Miezi baadaye, tuko mezani, Mama anampangusa Baba mchuzi kidevuni. Sauti ikatoka, ina mikwaruzo, lakini ni yake:

"Mama Salma, usinisugue tena."

Mama alicheka hadi akalia. Mnadani Baba alirudi, ila wanunuzi ikabidi wanyamaze ndipo wamsikie.

Nilichojifunza: waelezeni wa nyumbani mapema, mgonjwa angali ana sauti ya kujitetea.

Aliyeuguza mtu wa mionzi atuambie, kwenu alama zilinusurika vipi?