Chaguo Nililolifuta

Binti yangu ni afisa utumishi. Kazi yake ni kukaa na wafanyakazi waliochoka, kuwauliza wanataka nini, na kuwasaidia kuona kama wabaki walipo au watafute kazi nyingine. Nami nimechoka, lakini sijawahi kukaa mbele ya meza yake. Ningeanzia wapi?

Jumamosi moja mwaka jana alikuja kwangu Morogoro kumwona mwanawe, msichana wa kidato cha nne anayeishi nami. Mjukuu alikuwa amerudi na fomu ya machaguo kutoka shuleni. Aandike kwa penseli anataka mchepuo gani au chuo gani, aijadili nyumbani, ndipo aijaze kwa wino. Chaguo la kwanza aliandika: ufundi wa majokofu.

"Majokofu?" mama yake akacheka huku akichambua mchicha. "Wewe ambaye hata kufunga mlango wa friji hukumbuki?"

"Ndiyo maana, mama. Likiharibika nitalitengeneza mwenyewe."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshavaa miwani na kuivuta ile fomu, nikajikuta napapasa mezani natafuta kifutio. Asome sheria, niliwaza. Mtoto huyu ana mdomo wa mahakamani.

"Mwache, baba," binti yangu akasema. "Kozini walitufundisha mengi. Wapo wanaosema mtu na kazi ni kama ufunguo na kitasa, usipoingia hauingii. Wapo wanaosema kazi ni kama kiatu kikubwa cha mtoto, atakua kitamtosha. Yote hayo nawaeleza watu. Lakini mwenyewe sina nadharia. Mimi nilipangwa tu."

Nilipangwa. Neno hilo amelisema tangu usichana wake, na kila mara nimeangalia pembeni.

Si serikali iliyompanga. Miaka ile nilikuwa karani wa shule aliyosoma, na fomu zote zilipita mezani kwangu kabla ya kupelekwa. Yake, ikiwa bado kwa penseli, ilikuwa na neno moja kwenye chaguo la kwanza: kilimo. Likizo zake zote alizimalizia Mgeta kwa mama yangu, akipanda karoti na kabichi kwenye matuta ya mlimani, akirudi na udongo kwenye kucha na hadithi za mbegu. Mimi niliteremka milima ile na cheti changu cha kidato cha nne ili nisishike jembe tena. Nikaona aibu, karani mzima, mtoto wangu apande kulifuata. Nilifuta, nikaandika masomo ya biashara, nikapitisha wino juu yake. Majina yalipotoka alilia siku mbili. Nikamwambia, "Serikali ikishapanga, mwanangu, imepanga." Mama yangu alinisikia, akaamini. Akamwambia mjukuu wake asilie, shamba litamsubiri.

Jumamosi ile nilivua miwani.

"Hukupangwa," nikasema. "Ni mimi. Ulijaza kilimo, nikafuta."

Mikono yake ikasimama juu ya mchicha. Akauliza kwa sauti ambayo nadhani ndiyo anayotumia kazini, "Bibi alijua?"

"Hapana. Alikufa anajua ni serikali."

"Afadhali," akasema. Baadaye kidogo: "Kila siku nawauliza watu, hii kazi nani alikuchagulia? Mimi, nisiyejua yangu alinichagulia nani."

Akafuta mikono kwenye kanga, akaichukua fomu mbele yangu na kumsogezea mwanawe pamoja na kalamu.

"Andika sasa hivi. Kwa wino. Hakuna atakayeigusa, si babu wala mimi."

Mjukuu alitutazama wote wawili, akaandika majokofu kwa herufi kubwa. Mahali pa mzazi alitia sahihi mama yake.

Binti yangu bado hunipigia simu. Shikamoo baba, umekunywa dawa za presha, haya. Nilimwandikia ujumbe kwamba shamba la Mgeta ni lake, hati ya kijiji nitabadilisha jina. Hakujibu. Wiki iliyopita mjukuu aliniambia kwamba mama yake alipanda Mgeta, akashinda huko mchana kutwa, akateremka na lori la mboga na kupitiliza. Hapa hakufika.

Sikuuliza kama alipanda kitu. Mwili wake una miaka arobaini na sita, na matuta yale yanataka magoti ya msichana.