Unga Uliomngoja Mama Chapuchapu

Jina la Mama Chapuchapu hakupewa na mtu. Alipewa na miguu yake. Mwanamke yule hakai. Akila, anakula amesimama, jicho mlangoni. Akiumwa, anaumwa huku anafagia. Mumewe, mtu mpole asiyependa makuu, alishamwambia kwamba siku akifa itabidi watu wamkimbize kwanza ndipo wamzike. Alipomaliza kusema, mkewe alikuwa keshafika chumba cha pili.

Katika kiwanda cha mikate alikofanya kazi, alianzia meza ya kukandia, na jamani, tusimnyime haki yake: mikono ilikuwa mikono. Unga ambao wengine waliukanda mpaka wakatoka jasho, yeye aliugeuza mara chache tu ukalainika kama ndewe ya sikio. Kwa hiyo tajiri akampa usimamizi wa zamu ya mchana. Balaa likaanzia hapo, maana hakuna aliyemwambia kwamba kusimamia ni kazi nyingine kabisa.

Alikuwa na desturi yake. Hakuna trei iliyoingia tanurini mpaka apite aibonyeze kwa kidole. Shimo likirudi polepole, unga umeiva kuingia: "Tia!" Likirudi haraka, "Bado!" Mtu akithubutu kubonyeza mwenyewe, anasukumwa kando kwa kiuno: "Niachie, utaniharibia." Hakuwa na nia mbaya; alikuwa na haraka tu. Lakini watu wazima, wenye familia zao, wakazoea kusimama mikono nyuma kama wageni.

Siku moja tajiri akamwita ofisini kuzungumzia tanuri jipya. Tajiri yule akianza kuzungumza, hamalizi. Mama Chapuchapu alikaa ukingoni mwa kiti, miguu inapiga sakafu, na huku chini unga unaumuka, unapanda, unapitiliza. Aliporudi alikuta trei zote zimefura kisha zimebonyea katikati, harufu ya uchachu imejaa chumba kizima, na watu wamejipanga ukutani.

"Ebo! Mbona hamkutia?"

"Tulikuwa tunakusubiri," akasema mmoja.

"Mnanisubiri mimi? Macho hamna?"

Aliyejibu ni wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa akifanya kazi meza ya kwanza. Ulimi wa huyo hauna kufuli. "Macho tunayo, wifi. Ruhusa ndiyo hatuna. Kila siku unatwambia tutakuharibia. Leo hatukugusa kitu, na bado umeharibikiwa. Sasa unataka nini?"

Mikate iliyoagizwa na hospitali haikwenda siku ile. Tajiri hakupiga kelele, na hilo lilitisha zaidi. Alisema tu, "Ikitokea tena, utarudi mezani, na usimamizi nitampa wifi yako."

Haya sasa! Kurudi mezani, tena chini ya wifi! Nyumbani alimshtakia mumewe mpaka sauti ikakauka. Mume akainua mikono: "Huyu mke wangu, yule dada yangu. Mimi simo." Akaenda kuzibua bomba ambalo wala halikuwa limeziba.

Siku zilizofuata, badala ya kupunguza, akaongeza. Alibonyeza kila trei mara mbili, hata chooni haendi. Yeye na wifi yake hawakusemezana ila "shika" na "lete." Mikate ilitoka mizuri, yeye akakonda, na moyo wake haukutulia hata akiwa amelala.

Ndipo tajiri akampeleka kiwanda cha rafiki yake ajifunze lile tanuri jipya la vitufe. Fundi wa kumfundisha alikuwa na haraka kumshinda yeye. Kila alipoinua mkono, fundi ameshabonyeza. "Niachie, mama, utaniharibia." Mara ya kwanza alicheka. Baadaye mikono ikaanza kuwa mizito. Mwisho fundi akamwambia, "Haya, washa mwenyewe," naye akasimama pale kama mtu aliyesahau jina lake. Kila kitufe alikuwa anakijua. Anakijua kabisa! Lakini mkono ulikuwa unangoja kuambiwa. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Nyani haoni kundule, lakini siku ile alionyeshwa.

Kesho yake alimfuata wifi kabla hata ya kufunga aproni.

"Wifi, leo trei ni zenu. Wewe ndiye utakayesema tia, wewe utakayesema bado."

Wifi akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Unanitega? Yakiharibika nibebe mimi?"

"Yakiharibika nitabeba mimi. Nitarudi mezani, utanitawala, utafurahi."

"Na yasipoharibika?"

Hilo alikuwa amelifikiria, akalikimbia. Yasipoharibika, tajiri atamtaka wa nini? Akatoka uani.

Alikaa juu ya kreti. Akasimama. Akakaa tena. Akapanga upya kreti zilizokuwa zimepangwa vizuri. Mlinzi wa lango akamwuliza, "Umefukuzwa?"

"Nimejifukuza."

"Basi jifukuze kwa utulivu, unanitia kizunguzungu."

Utulivu angeutoa wapi? Kichwani alikuwa anauona unga: sasa umefika ukingoni mwa trei. Sasa ndio wakati. Hapana, bado kidogo. Miguu ikaanza kwenda mlangoni yenyewe, akashika nguzo kwa mikono miwili. Mara akasikia mlango wa tanuri ukifungwa kwa kishindo. Mapema! Mapema mno! Nimekwisha, akajisemea, na machozi yakamlenga.

Alivumilia mpaka harufu ya mkate ikatoka, kisha akaingia. Mikate ilikuwa inatolewa, imesimama, rangi sawasawa. Akatafuta mkate wenye kasoro. Alitafuta kwa bidii, na niseme kweli, kwa matumaini. Laiti ungekuwepo mmoja tu uliobonyea! Hakuuona. Furaha ikampanda, uchungu ukaifuata nyuma.

Tajiri naye alikuwa amesimama mlangoni. "Nani ametia leo?"

"Wifi, na wenzake."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nje."

Tajiri akakuna kidevu. "Sasa kazi yako ni ipi?"

Akawatazama watu wake. Walikuwa wameshaanza trei nyingine, wanacheka, wanabishana. Huyu anabonyeza, yule anasema subiri kwanza. Hakuna aliyekuwa ameegemea ukuta.

"Hiyo," akasema, akiwaonyesha kwa kidevu.

Tajiri akawatazama, akaondoka. Mama Chapuchapu akabaki katikati ya chumba, hajui mikono aiweke wapi. Wifi akaja mbio na trei ya moto, akamkuta amesimama njiani.

"Pisha, wifi," akasema, bila ubaya wowote, kama anavyoambiwa mtu yeyote.

Mama Chapuchapu akapisha.