Kijiji cha Padri na Kijiji Chetu

Siye tuliozaliwa huko juu, kwenye vilima vya Djugu, tulikulia ndani ya baridi. Asubuhi ukungu ulifunika zizi, hata ng'ombe tuliwatambua kwa kukohoa kwao. Tulikunywa maziwa ya moto yenye harufu ya moshi, kisha tukateremka masomoni miguu mitupu, umande ukituuma vidole. Watoto wangu hapa mjini Bunia wanajua maziwa ya unga tu. Mmoja aliniuliza kama ng'ombe anakamuliwa tayari na sukari.

Dini na jografia tulifundishwa na padri Mjerumani ambaye sutane yake, ile kanzu ndefu ya kipadri, ilinuka tumbaku. Badala ya mito ya Ulaya, alituchorea ubaoni kijiji alikozaliwa: kanisa moja, kinu cha ngano, msitu, mashamba ya viazi, ng'ombe wengi kuliko watu.

"Kule watu wote wanajuana," alisema kwa Kiswahili chake kizito. "Ukiugua, jirani anakukamulia ng'ombe."

Tukapiga kelele kalasi nzima: "Padri, hiyo si Ulaya, hiyo ni kwetu, ni mugini yetu!"

Alicheka mpaka chaki ikamponyoka. Na kweli ilikuwa kwetu. Jioni tuliteleza mtelemkoni juu ya magome ya migomba mpaka kaptula zikatoboka, halafu tukachoma viazi kwenye majivu, tukirushiana vile vya moto, na Papa, baba yetu, akifoka: "Musichezee chakula! Hiyo ni mugongo yangu munakula!"

Vita ilipopanda vilima, tulishuka Bunia na godoro moja. Siku chache baadaye Papa akarudi kutazama ng'ombe. Hatukumwona tena, wala hatukupata mtu wa kutuambia alilala wapi. Miaka ilipita kabla ya mimi kuthubutu kupanda tena kilimani kwetu. Nilikuta majani marefu kuliko mimi. Nilisimama pale nikashindwa kujua hata zizi lilikuwa upande gani.

Padri naye alikuwa amerudi kwao uzeeni. Mwezi uliopita alinitumia picha kwa simu, na maneno machache: "Hapa hakuna kilichobadilika. Na kwenu?"

Nikamwonyesha Mama. Alizitazama picha polepole.

"Nyumba ya mama yake ingali iko?"

"Iko, Mama."

"Na makaburi ya wazazi wake?"

"Iko, karibu na kanisa. Anapanda maua."

Akanirudishia simu. "Basi Mungu anajua kuchunga mugini ya wengine."

Nikaitia simu mfukoni.

Enzi zile mgeni akituuliza kwetu ni wapi, tulinyoosha kidole tu, na moshi wa jiko la Mama ukaonekana kilimani. Leo mtoto wangu mdogo akiulizwa mugini yao ni wapi, anajibu bila kufikiri: "Lumumba." Ni mtaa tunamopanga chumba. Zamani Mama angemrudi palepale, amtajie kilima, kijito na babu zake wote. Siku hizi anamsikia, anainama, anaendelea kuchambua mboga zake za lenga-lenga.