Chale za Shingoni

Korogwe nzima wananijua. Nilianza kwa kukata mkonge, sina hata kandambili, darasa la pili sikumaliza, na leo madereva wote wa mabasi wanakunywa chai kwenye hoteli yangu pale Manundu. Hakuna aliyenisaidia. Kwa hiyo nilipoanza kukonda, mwaka ule watu wa Handeni walipokuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, niliwaambia wateja ni kazi nyingi. Wakaamini. Lakini kiu ilikuwa haikatiki, moyo unadunda kama nimekimbizwa na nyati hali nimekaa kitako, mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika kwenye kisahani. Na shingoni, uvimbe.

Uvimbe wenyewe haukunitisha. Mke wangu ni Mshambaa wa milimani, alikuja kwangu na rovu lake, uvimbe wa shingoni, na shangazi zake karibu wote wanalo. Nikajua ni lile lile. Kijijini Kwaluguru alikuwepo mzee anayetibu rovu, na sharti lake lilijulikana: mume na mke huchanjwa pamoja, maana akitibiwa mmoja, rovu humhamia mwenzake kitandani. Tukaenda. Akatuchanja chale kuzunguka shingo, kwa wembe mmoja, akasugua dawa nyeusi ya majani yaliyochomwa. Mwiko ukawa tusile chumvi wala kugusisha maji shingoni mpaka chale zikauke.

Za mke wangu zilikauka upesi. Zangu zilivimba, zikawaka moto, zikaanza kutoa usaha. Ikafika hata kumeza mate ni kazi. Nikarudi kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe umekula chumvi."

"Sijala, haki ya Mungu!"

"Mbona mwenzako amepona? Wembe ule ule, dawa ile ile. Mwenye hoteli ataachaje kuonja mchuzi!"

Waliokuwa wanasubiri wakaangua kicheko. Mimi sikucheka nao, kwa sababu kweli sikula. Ingekuwa chumvi, ningeiacha. Sasa niache nini?

Nyumbani mke wangu akasema, "Baba watoto, kesho hospitali."

"Watanikata koo."

"Koo lenyewe linaoza. Unanuka."

Daktari alikuwa kijana. Badala ya kushika shingo, akaomba mkojo. Nikajiuliza, shingo na mkojo wapi na wapi? Akaudondoshea kwenye dawa ya buluu, akaichemsha mbele yangu. Buluu ikawa kijani, ikawa njano, ikaishia rangi ya tofali. Nilidhani ni damu. Nikashikilia meza yake, mimi niliyebeba mizigo ya mkonge mgongoni.

"Nitakufa, daktari?"

"Una kisukari, mzee. Sukari ikizidi mwilini, kidonda kinavimba na hakiponi upesi. Mkeo hana, ndiyo maana amepona. Na hilo rovu, tezi lako la shingoni, si kama lake. Lake limevimba tu, limetulia. Lako linafanya kazi kupita kiasi, linakukimbiza moyo, linakukondesha, na sukari nayo linaipandisha."

"Basi likate, liishe!"

"Nikilikata sasa huenda usiamke. Kwanza sukari ishuke, kidonda kikauke."

Nilikuwa nimekuja naogopa kisu. Kusikia kwamba hata kisu hakinitaki kulinitisha zaidi.

Wakanilaza. Sista akanifundisha kujidunga sindano ya kushusha sukari pajani, lakini mikono ilitetemeka, sindano ikakwaruza ngozi tu. Mke wangu akaipokea.

"Utaniua, mama watoto!"

"Ningetaka kukuua ningekuacha Kwaluguru. Tulia."

Wodi nzima wakacheka. Nikafumba macho, akanidunga.

Kila asubuhi baada ya sindano alikuwa anaweka mgongo wa kiganja karibu na kidonda, kupima joto. Mimi namtazama usoni, pumzi nimeibana.

"Vipi leo?"

"Pamepoa kidogo."

Nikamwambia aguse tena.