Fundi Sikio na Turbo Tatu

Fundi Sikio hakupewa jina hilo kwa ukubwa wa masikio yake, ingawa nayo hayakuwa haba. Alipewa na madereva, enzi zile alipokuwa akisimama mlangoni na kikombe cha chai, gari likipita anapaza sauti: "Plagi ya tatu hiyo, ndugu yangu!" Mtu akifungua, kweli, ni ya tatu. Wakazoea kumletea magari na kuuliza, "Inasemaje, fundi?" Jina la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho.

Gereji yake ni chumba kimoja chenye sakafu ya saruji iliyokunywa oili ikashiba. Mlango wa pembeni unaingia chumba cha mkewe, fundi cherehani. Haujafungwa miaka ishirini na sita, maana bawaba zimeshika kutu na fundi hana nafasi. Ndivyo walivyo mafundi, ya kwao huyaweka kiporo. Basi mke ameshona akisikia injini, na mume amefungua injini akisikia cherehani.

Ila tangu mwaka jana mume haisikii tena cherehani hiyo. Anaiona sindano ikipanda na kushuka, basi. Maneno ya mtu aliye mbele yake huyashika kwa kutazama midomo, na hajamwambia mtu. Mteja akija, fundi huweka kiganja juu ya injini, akafumba macho, na mteja hudhani ni utaalamu mpya. Watu nao, jamani, ukiwafumbia macho wanaamini chochote.

Jumamosi mchana akaja shemeji yake, mdogo wa mkewe, mpima ardhi, mtu wa maneno mengi na breki chache. Gari lake lina supachaja, ile pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini, na mwezi ujao ana mashindano ya kupandisha mlima. Akatua boksi mezani. Ndani mlikuwa na turbo tatu zilizokwisha kutumika.

"Shemeji, mwenye duka kanipa mpaka saa kumi. Nichagulie moja ya kuongezea, mbili nirudishe."

"Kwani supachaja haikutoshi?"

"Mwendo wa chini inavuta vizuri. Kule juu inakata pumzi."

"Kama wewe kwenye ngazi."

Wakacheka. Fundi akaisukuma kando ile ndogo. "Hii ya nini? Turbo inasukuma hewa kwa kuzungushwa na moshi wa ekzosi. Ndogo itaamka mapema, wakati supachaja bado inatosha, na ukikanyaga sana itakuziba koo. Wewe unataka kubwa. Itachelewa kuamka, sawa, lakini supachaja itakubeba mpaka iamke."

Hapo alikuwa sahihi, tena kabisa. Zikabaki kubwa mbili, saizi moja, moja inang'aa na nyingine imejaa masizi. Mtihani wake ulijulikana mji mzima: anaizungusha feni ya ndani kwa kidole, turbo ikiwa sikioni. Nzima hunyamaza. Iliyolegea hukwaruza ganda lake.

Akazungusha ya masizi. Kimya. Akazungusha inayong'aa. Kimya. Akazitikisa feni kwa vidole, asione tofauti. Akashika inayong'aa.

"Hii hapa."

"Ndiyo maana nakupenda, shemeji!" Mpima ardhi akabeba zile mbili za kurudisha dukani, akatoka nazo mbio.

Fundi aligeuka akaona sindano imesimama. Mkewe alikuwa mlangoni, futikamba shingoni.

"Baba, hiyo inakwaruza."

"Ipi?"

"Hiyo uliyoshika. Nimeisikia kutoka huku, na cherehani ikienda."

"Wewe shona nguo zako."

Hakuondoka. Alimtazama usoni, akasema polepole, midomo ikionekana vizuri: "Nakuita chakula mara tatu, nikadhani ni kiburi. Tangu lini husikii?"

Fundi aliogopa. Aliogopa ile siku dereva wa kwanza atakaposema, kumbe mzee siku hizi anabahatisha. Kazi nyingine hakuijua, na umri wa kujifunza ulikuwa umempita. Halafu akaitazama turbo. Feni hiyo ikikatika, vipande vinamezwa na injini, na usukani pale kwenye kona ya mlima ameushika ndugu pekee wa mwanamke huyu.

Nje, gari lilikuwa limeshawaka. Alijua kwa kuona moshi.

Alitoka akapiga boneti kwa kiganja. "Zima! Rudisha hizo turbo."

"Kuna nini tena?"

"Sisikii, shemeji. Nimekuchagulia kwa macho."

Mpima ardhi akacheka, akangoja fundi naye acheke. Hakucheka. Yule mtu wa breki chache akazima gari, akazirudisha turbo mbili gerejini.

Fundi akamwekea mkewe kiti karibu na meza, akakifuta kwanza kwa mkono wa ovaroli. Akanyanyua turbo yenye masizi, akaisogeza kwenye sikio la mkewe, akaizungusha feni kwa kidole kilekile. Kisha akamkodolea macho, kama wateja walivyokuwa wakimkodolea yeye.

"Inasemaje?" aliuliza.

Mkewe alisikiliza mpaka feni iliposimama yenyewe.

"Imenyamaza," akasema, kwa sauti kubwa, ili na yeye asikie.