Usiandike Jibu la Mwenzako

Nakumbuka mchana ule nilipokatisha Kalundu nzima, bandari ya Uvira, nikiwa nimesukwa nusu ya kichwa, wapakizi wa bandari wamesimama na mizigo mabegani wananicheka. Waliniita majina. Lakini, mwanangu, bila aibu ile babu yako asingenioa, maana angekuwa amekufa.

Ilikuwa wakati wa vita, ile ya kwanza. Sisi wa bonde la Ruzizi tulikikimbia kijiji chetu cha Kiringye na mikeka kichwani, nami nikapokelewa Kalundu na Bibi Zaituni, mjane Mwislamu wa zile familia za biashara za tangu zamani. Mimi Mkatoliki na rozari yangu shingoni, yeye na tasbihi yake mkononi, tulikula sombe, majani ya muhogo, sahani moja. Dukani kwake alikuwa na foni. Ninyi wa simu za mfukoni foni hamuijui. Ni radio ya kusemea mbali: batri ya gari iko chini ya meza, waya mrefu umefungwa kwenye michikichi miwili, unaita mtu wa Kigoma au wa Kalemie, na ukibahatika anakujibu. Siku zile barabara zilikuwa za wenye bunduki. Ukitaka kujua ndugu yako wa ng'ambo ya ziwa kama angali hai, unakuja kwenye foni.

Kila foni ilikuwa na jina la samaki. Yetu iliitwa Sangala, ya upande wa Kigoma iliitwa Mukeke, ya Kalemie iliitwa Kuhe. Na wote tulisemea njia moja, kama wanawake wengi kwenye kisima kimoja. Huyu anaomba ndoo, yule anajibu habari ya mtoto wake, wote kwa pamoja.

Minye nilikuwa nimesoma kidogo tu, lakini mwandiko wangu ulikuwa unasomeka, basi Bibi Zaituni akanipa kazi ya kuandika kwenye kaye, daftari la foni. Sheria yake ilikuwa moja. Unaandika saa, unaandika jina la foni iliyokujibu, unaandika habari uliyotuma. Halafu unangoja wa ng'ambo airudie ile habari kwa mdomo wake mwenyewe. Akishairudia, ndipo unaandika "imefika". Asiporudia, haijafika, hata kama umepiga kelele mpaka umetapika. "Samaki hahesabiwi angali majini," alikuwa akisema, nami nilikuwa nikiitikia "Ndiyo, Bibi" kama kasuku.

Sasa, babu yako. Yohana alikuwa amekimbilia Kigoma na watu wake. Tulikuwa tumeshachumbiana, na wazee wa pande zote walikubaliana kwa foni kwamba atavuka kwa mtumbwi wa moteri pamoja na wajomba zake, washukie Makobola kwa mjomba wangu, harusi ifanyike pale. Mambo yote yakawa tayari. Asubuhi ya siku ya safari, mjomba wangu akatokea Kalundu kwa miguu, mke na watoto nyuma yake, kuku mmoja kwapani. Wenye bunduki walikuwa wamekaa ufukoni Makobola, na mtumbwi wowote unaokaribia wanaupiga bila kuuliza.

Bibi Zaituni akaniambia, "Domitila, kaa kwenye foni. Mwambie Mukeke: Makobola hapana, washukie Kalundu. Mtumbwi unaondoka leo jioni. Mimi naenda kuswali, halafu napitia bandarini."

Nikakaa. Nikaita. "Mukeke, Mukeke, hapa Sangala. Makobola hapana. Mushukie Kalundu. Mumesikia? Kwako." Ikaja kelele tu, kama mahindi yanakaangwa. Nikaita tena. Kelele. Na ujue, mwanangu, upande wa pili wa bandari kulikuwa na Mama Feza, msusi ambaye Uvira nzima ilimgombania, naye alikuwa ameshaanza kichwa changu akaniachia nusu, nikajifunga kitenge niende kuitikia wito wa Bibi. Mtoto wake akaja mlangoni na maneno yake: "Weye bibi harusi, unakuja ao nianze kichwa cha muntu mwingine?"

Hapo hapo, katikati ya zile kelele, sauti ya mwanaume ikasema wazi kabisa: "Bien reçu, bien reçu. Asante." Yaani amepata, amesikia vizuri.

Nikachukua biki, nikaandika: Mukeke, imefika. Nikakimbilia kwa Mama Feza.

Nilikuwa nimekaa katikati ya magoti yake, nasikia raha ya kidole chake kichwani, Bibi Zaituni alipoingia uani na kaye mkononi. Hakupaza sauti. Yule mama alipokasirika sauti ilishuka.

"Nani alikujibu?"

"Mukeke, Bibi."

"Alisema yeye ni Mukeke?"

Nikajishika upande uliosukwa.

"Alirudia habari?"

"Alisema bien reçu, Bibi. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Sikukuuliza ulisikia nini. Mbwa pia anasikia. Nimeuliza kama alirudia."

"Yebabawe," nikasema.

"Umeandika tamaa yako ukaipa jina la Mukeke," akasema. "Simama."

Mama Feza akalalamika kwamba msuko ukiachwa hivyo unafumuka. "Ufumuke," Bibi akamjibu. Akanishika mkono, kitenge nimekiacha, tukapita bandarini maana ndiyo njia fupi. Upande wa kulia wa kichwa changu mistari imenyooka kama shamba la mpunga, upande wa kushoto nywele zimesimama kama za mwenda wazimu.

"Hee! Bibi harusi!" akaita mpakizi mmoja. "Mahari yamelipwa nusu?"

"Bwana harusi ana jicho moja," mwenzake akamjibu. "Upande ule hauoni!"

Wakacheka mpaka gunia likaanguka. Mimi nilikuwa nalia, lakini si kwa ajili yao. Nilikuwa nimeshaanza kuona ule mtumbwi.

Bibi akakaa mbele ya foni. "Usifute ulichoandika," akaniambia. "Uongo ukifutwa unaacha kidonda kwenye karatasi. Andika chini yake: haijafika. Sasa ita."

Nikaita. Kelele. Bibi akamtuma mjomba wangu akavute waya kwenye mchikichi, akauvuta huku anamlaani mkwezi aliyeufunga. Nikaita tena, sauti imenikauka.

"Sangala, Sangala, hapa Mukeke." Sauti nyembamba, lakini jina alilitaja. "Tangu asubuhi tunawaita, hatupati kitu! Wageni wako ufukoni, wanapakia mbuzi. Habari ya Makobola iko namna gani? Kwako."

Hatupati kitu! Nikatoa habari neno kwa neno. Mukeke akairudia: Makobola hapana, kushuka Kalundu. Mimi nikashika biki, lakini Bibi akaweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Huyo ni Mukeke. Anayeendesha mtumbwi ni Mukeke?"

"Hapana, Bibi."

"Basi?"

Tukamwomba Mukeke akimbie ufukoni. Tukangoja. Bibi Zaituni anahesabu tasbihi, mimi nahesabu rozari, mjomba anamshika kuku asile muhogo wa duka. Halafu foni ikapumua, na sauti niliyoijua ikaja, inahema kwa mbio.

"Domitila! Minye huyu, Yohana! Uko mzima? Nimekukumbuka mpaka..."

"Nyamaza kwanza!" nikampigia kelele. "Sema, mnashukia wapi?"

"Kalundu."

"Sema tena."

"Kalundu, mama! Kalundu! Na Makobola hatukaribii, tunapita mbali katikati ya ziwa, mwenye mtumbwi yuko hapa anaitikia kwa kichwa. Ee Mungu, bado hatujaoana na umeshanifundisha kama mutoto wa shule!"

Hapo sauti ya tatu ikaingia, nzito, ya mtu mwenye tumbo. "Sangala, hapa Kuhe, Kalemie. Hongera za harusi! Na samahani kama niliwachanganya mchana. Nilikuwa namjibu tajiri wangu juu ya magunia yangu ya samaki wadogo, ndagala. Bien reçu!"

Bibi Zaituni akanigeukia polepole. "Umesikia? Ulitaka kuolewa na gunia la ndagala." Halafu akaanza kucheka, yule mama asiyecheka, akacheka mpaka miwani ikamwanguka, na mjomba akacheka, na kuku akapata nafasi ya kula muhogo. Ndipo akaniruhusu kuandika "imefika".

Walifika asubuhi jua likipanda. Mwenye mtumbwi akatueleza kwamba walipopita mbali na Makobola waliona moto wa wenye bunduki pale pale kwenye mchanga walipotakiwa kushukia. Mtumbwi mzima ukanyamaza, mbuzi peke yake ndiye aliyelia, na kila mtu akamziba mdomo kwa zamu. Walipoona bandari yetu wakaanza kuimba, wakaimba mpaka wapakizi wakaingia majini kuwapokea, wale wale walionicheka. Tulicheza siku ile, mwanangu! Vita ilikuwa barabarani, lakini ua wa Bibi Zaituni ulikuwa na ngoma, kasiksi ya ndizi kwa sisi tunaokunywa na chai ya tangawizi kwa wao wasiokunywa.

Nakuandikia haya kwa sababu nimesikia umejiunga na wale vijana wa radio, wanaoongea na watu wa mbali kwa kupenda tu, bila mshahara. Kazi njema. Lakini nimesikia pia mnashindana nani ameongea na wengi, na kwamba mwingine akisikia nusu ya jina anaijaza nusu iliyobaki kutoka kichwani mwake, anaandika kwamba walijibizana. Utasema, Bibi, huu ni mchezo, hakuna mtumbwi hapa. Nami nakwambia mkono ni ule ule mmoja. Unaozoea kudanganya kwenye mchezo ndio utakaoshika biki siku watu wako majini. Na wenzako nao, wakishajua kaye yako ina maneno ya kubuni, hata la kweli hawataliamini. Njia ya mwongo ni fupi.

Kwa hiyo, jina usilolisikia usiliandike. Aliyemjibu mwenzako, mwachie mwenzako. Kama hukusikia, andika hukusikia. Hiyo si aibu, hata Bibi Zaituni aliandika hivyo siku nyingi. Ukikosea usifute, sahihisha chini watu waone. Na kabla ya kusema imefika, ngoja irudiwe.

Nakuombea kwa Mungu wangu, na kwa Mungu wa Bibi Zaituni ambaye ni yule yule. Ukiita, uitikiwe. Masikio yako yapende ukweli kuliko sifa. Na wote wanaovuka ziwa kuja kwako, waje wakiimba.