Chupa Moja kwa Kila Mlango

Eti sista yangu alikuwa mjinga, angepita tu upande wa kijani pale airport kama watu wengine? Nyamaza kwanza nikuambie, juu mimi nilikuwa hapo. Wewe ulikuwa hapa Tassia umekaa.

Tulikuwa tunatoka Ghuba, mimi na yeye, miaka miwili tukiosha nyumba za watu. Kwa begi yake kulikuwa na chupa kumi na nane ndogo za marashi ya kupuliza, moja ya kila mlango kwa ploti yetu. Hao majirani ndio walibeba mathe, mama yetu, na blanketi kutoka gorofa ya tano mpaka chini vile alizidiwa, sisi tukilia kwa simu. Sista aliapa hakuna mlango ataruka. Akaandika namba za milango kwa selotepu, akabandika kila moja kwa chupa yake.

Tulipofika airport nikamwambia tupite kijani, ya wasio na kitu cha kulipia ushuru. Sheria nilikuwa nimesoma mwenyewe kwa simu, bila mwalimu: pombe na fegi ndio ziko na kipimo.

"Na marashi?"

"Hiyo ni maji ya kunukia tu. Twende."

"Kama unajua, basi kuuliza hakutatuumiza." Akaingia upande wa nyekundu, ya wenye kitu cha kuonyesha.

Afisa wa forodha, mama fulani wa miwani, akafungua begi, akasoma selotepu. "2B. Hii 4C. Hizi ni oda za wateja, siyo?"

Hapo nikapanda hasira. "Wateja gani? Madam, unatuona wezi?"

Sista akanikanyaga mguu. "Funga mdomo wewe." Akamgeukia afisa. "2B alishika kichwa ya mathe. 4C alishika miguu. 1A alitafuta gari. 3D ni shosho, hana nguvu, alibeba viatu." Akaenda hivyo mlango kwa mlango, bila kuangalia chupa. "5A hakufungua. Lakini pia huo ni mlango."

Mimi, damu yake, sikuwa najua hata nusu ya hiyo maneno.

Afisa akavua miwani, nikajua tumeachiliwa. Wapi. Akasoma vipimo, akajumlisha chupa zote.

"Nimeamini ni zawadi. Lakini abiria mmoja ni nusu lita. Hizi ndogo ziko sawa. Na hii ya kumi na tisa, kubwa, mbona haina namba?"

"Hiyo ni yangu."

"Ukiongeza hiyo, umepita kipimo. Ulipie ushuru, ama uache kitu."

Tulikuwa tumebaki na pesa ya gari peke yake. Nikasema iandikwe kwa jina langu, mimi sina marashi.

"Begi ni ya nani?" afisa akauliza, akajijibu. "Yake. Kipimo hakikopeshwi, kijana."

Nikamnong'onezea sista, "Acha ya 5A. Si hakufungua?"

Sista akafungua ile kubwa, chupa alijinunulia na mshahara wake wa mwisho, akapuliza kidogo kwa mkono wake, kidogo kwa kola yangu, akaiweka mezani. "Andika imebaki."

Afisa akaandika. Tukapanda gari mpaka kwa geti ya ploti.

Mlango wa kwanza alibisha ni 5A.

Sasa niambie, wewe mwenye akili: ungeacha ya nani?